Maji ya Kona ya Pili

Msimu ule timu yetu ilichukua ubingwa wa taifa, na mimi nikachukua mguu wa vyuma. Naanza hivyo asije mtu akasema nilificha kinyongo changu. Kinyongo ninacho. Majina siandiki, maana Sweden hii ukiandika jina la mtu anakimbilia polisi, lakini vyeo vyao nitaviandika, na matendo yao nitayaandika, na kila aliyekuwa uwanjani siku ile atajua nani ni nani.

Shule niliishia darasa la tano, kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine.

Kwa asiyejua, spidwei ni mbio za pikipiki nne kwenye njia ya udongo. Wanazunguka kwa kushoto tu, mara nne, na mbio inaisha kabla hujamaliza soseji yako. Pikipiki zenyewe hazina breki. Nilipoambiwa hivyo nilidhani nataniwa. Mpanda pikipiki akifika kwenye kona anaitupa pikipiki ubavu, anaburuza mguu wa kushoto uliovishwa kiatu cha chuma, na udongo unaruka nyuma yake kama amekanyaga kichuguu. Wawili wa nyumbani wanavaa helmeti nyekundu na ya buluu. Wageni wanavaa nyeupe na njano. Hayo yanatosha.

Aliyenipeleka ni Mtanzania mmoja. Huyu ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, na wengi mnamfahamu. Alikuja Stockholm zamani kusomea ufundi, akabaki, sasa anatengeneza mabasi, ana nyumba yenye majani ya kufyeka, na Jumapili anasimama mbele kanisani kwetu Skärholmen kusoma matangazo kwa sauti ya redio. Kwenye ile timu alikuwa anajitolea kama fundi wa pikipiki. Siku moja alikuja kwetu Fittja akanikuta kwenye kochi.

“Shemeji,” akamwambia mke wangu, “huyu bwana ataota mizizi hapa. Nipe nikamfanye Mswidi.”

“Mchukue,” mke wangu akasema. “Ukimaliza kumfanya Mswidi niletee, nina vyombo vya kuosha.”

“We Mrundi wangu,” Mtanzania akanigeukia, “unasikia? Huku ndani hupendwi.”

Tukacheka wote. Nikaenda.

Nilipewa reki na mpira wa maji. Kila baada ya mbio chache udongo unakuwa umesukumwa wote nje, karibu na ukuta, na trekta linapita kuusawazisha, halafu sisi wa reki tunamalizia kwenye kona, na wa maji anamwagia ili vumbi lisipande. Mimi nilikuwa wa maji, kona ya pili. Nasema ukweli, niliipenda ile kazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya nchi hii. Kazi yangu ya kila siku ni kufagia maduka, sakafu ya vigae, hakuna kinachobadilika, unafagia na kesho unakuta vilevile. Pale kulikuwa na udongo. Mkono wangu ulijua udongo. Nilikuwa nikiushika naufinya, nasikia kama umeshiba au una kiu. Wale Waswidi walinipa koti lenye nembo, wakanipa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, na watu ambao kwenye treni wasingekaa kiti cha pembeni yangu walinigonga bega wakasema habari za leo.

Sasa nieleze kupika njia.

Timu ya nyumbani ndiyo inayotengeneza njia, na kila timu inaitengeneza ili iwaumize wageni. Sheria inasema njia iwe sawa kwa wote. Refa anapita asubuhi, anapiga kisigino hapa na pale, anaridhika. Kisha mchezo unaanza, na hapo ndipo mapishi yanapoanza. Panapolowa zaidi ya pengine, tairi la nyuma linashika ghafla, na asiyejua anarushwa. Wa nyumbani wameshaambiwa pa kupita. Wageni wanapajua wakishapita.

Mkuu wa njia, ambaye ni wa pili kwenye orodha yangu, alikuwa mzee mwenye shingo nyekundu na kofia ya kitambaa ambayo kazini sikuwahi kumwona bila kuwa nayo. Hakuwa anasema neno. Alikuwa anashika ukingo wa kofia. Akiuvuta chini, ongeza maji. Akiinua kofia juu ya kichwa, acha. Kama hajagusa kitu, mwagia kawaida. Mtanzania ndiye aliyenifundisha.

“Mbona haongei?” nilimuuliza.

“Refa ana masikio, bwana. Kofia nayo ni ushahidi? Mtu akishika kofia yake utamshtaki kwa lipi?”

“Na akiniuliza mtu nani kaniambia?”

“Nani akuulize wewe?” akasema, akacheka.

Timu ilikuwa inashinda. Tulishinda masika, tukashinda kiangazi, mvua ikatuharibia mechi mbili tatu, tukaingia nusu fainali. Hapo Mtanzania akaahidiwa kwamba tukifika fainali ataingia na timu eneo la pikipiki, avae sare ya mafundi, apigwe picha. Mtu mzima yule alikuwa analiongelea jambo hilo kama bi harusi. Hata kwenye maombi aliliweka.

Nusu fainali wageni walikuja na kijana mmoja ambaye alikuwa anapita nje, karibu kabisa na ukuta, mahali ambapo wenzake waliogopa. Alishinda mbio zake za mwanzo kwa namna ya kutudhalilisha. Wetu walikuwa wanalala kwenye kona na yeye anawazunguka kwa nje kama anaenda dukani. Niliona mkuu wa njia anamtazama yule kijana, halafu anatazama kona yangu, halafu akavuta kofia.

Nikamwaga. Nje, pale pale kijana anapopita. Nikamtazama, kofia bado iko chini. Nikaendelea. Udongo ukawa mweusi. Nikamtazama tena, akavuta tena. Nikageuka nikamtafuta Mtanzania kule kwenye pikipiki, maana mkono wangu ulikuwa unaniambia huu udongo umeshashiba, sasa unatapika. Alikuwa ananiangalia. Nikanyanyua mpira kidogo kama kumuuliza. Akatikisa kichwa juu chini: endelea.

Basi nikaendelea.

Kijana alikuja amevaa njano. Alifika kona ya pili akiwa wa kwanza, akaenda nje kama kawaida yake, na tairi la nyuma likashika. Pikipiki ikasimama wima kama farasi. Haikukata kona tena, ikaenda moja kwa moja. Ukuta pale umewekwa mito ya hewa, lakini yeye hakuupiga mto, aliupiga pale mto unapoishia. Kila mpanda pikipiki anafungwa waya mkononi ambao akianguka unachomoka na kuzima injini. Ulichomoka. Kwa hiyo pikipiki ilirudi ndani, mahali nilipokuwa nimesimama, kimya kabisa, ikipinduka. Nimekimbia risasi nikiwa mtoto, na risasi inajitangaza. Ile haikujitangaza.

Mguu ulivunjika juu ya goti na chini ya goti. Niliuona ukielekea upande usio wake.

Yaliyofuata niliyaona nikiwa nimelala kwenye majani. Kwanza, kule juu kwa refa ikawashwa taa ya njano, rangi ya helmeti ya kijana. Kwenye mchezo huu aliyesababisha mbio kusimama ndiye anayetolewa, na refa akaamua ni kijana. Alikuwa amelala chini ya ukuta hatikisiki, na taa inamwambia umekosa, mbio itarudiwa bila wewe. Watu wetu wakapiga makofi. Sitasema ni wachache. Pili, mkuu wa njia alikuja mbio upande wangu, nikamnyooshea mkono. Hakuushika. Aliokota mpira wa maji, akaanza kuuviringisha, akaenda nao. Trekta likapita kulainisha pale palipolowa, kabla hata gari la wagonjwa halijatoka uwanjani.

Walirudia mbio, wetu wakashinda. Wakaingia fainali.

Hospitali tulilazwa jengo moja, mimi na kijana. Mgongo wake ulikuwa umekatika na hatatembea. Nililisikia hilo kutoka kwa mama yake. Aliingia chumbani kwangu mchana, mwanamke wa Kiswidi mwenye koti la mvua, umri wangu hivi, akasimama miguuni pa kitanda.

“Ni wewe uliyemwaga maji?”

“Ndiyo,” nikasema. “Pole sana, mama.”

“Wanasema hakuna aliyekuagiza. Wanasema ulimwaga tu, hujui kazi.”

Kiswidi changu kinasikia haraka na kinajibu polepole. Wakati bado natafuta neno la kuanzia, alichukua kikombe changu cha maji mezani, akakiinamisha juu ya blanketi langu, kidogo kidogo, mpaka kikaisha. Hakuwa na hasira usoni. Akakirudisha kikombe mahali pake, akatoka. Muuguzi aliyekuja baadaye aliona blanketi akafikiri nimejikojolea, akasema si kitu, inatokea, akanibadilishia kama mtoto.

Tangu hapo sikutaka kitu kingine. Mguu niliuachia madaktari, wakautia vyuma. Nilitaka yule mama asikie kwa mdomo wa mtu mwingine, si wangu, kwamba niliagizwa. Basi.

Kikaitishwa kikao, kwenye kibanda cha timu, nikaenda na magongo, mke wangu pembeni. Alikuwapo mwenyekiti wa timu, ambaye ni wa tatu na sitapoteza wino juu yake, alikuwapo mkuu wa njia na kofia yake, alikuwapo Mtanzania, na bwana mmoja kutoka kwa wakubwa wa mchezo aliyekuja kuuliza maswali. Mama wa kijana alikaa pembeni. Yule bwana alisema wanaweza kupiga simu aletwe mkalimani wa Kirundi au wa Kiswahili, yupi nataka.

Hapa Warundi wenzangu mtanielewa bila maelezo. Mkalimani wa simu humjui uso, humjui ukoo, humjui alikuwa upande gani miaka ile ya vita. Unasema maneno yako yanaingia kwenye sikio la mtu usiyemjua, kesho yako Fittja nzima. Nikasema simtaki. Nikasema ninaye ndugu yangu wa kanisani, Mtanzania, hana upande, na alikuwapo uwanjani, atafsiri yeye. Mke wangu alinikanyaga mguu mzima. Mimi nikaona amenikanyaga kwa bahati mbaya.

Nikaanza kueleza kwa Kiswahili. Nikasema mkuu wa njia alivuta kofia, na kuvuta kofia ni ishara ya kuongeza maji, na nilifundishwa ishara hiyo na huyu huyu anayetafsiri. Nikasema siku ile alivuta mara tatu. Nikanyamaza ili atafsiri.

Mtanzania akakohoa. Akasema kwa Kiswidi kizuri, cha redio: “Anasema hakumbuki vizuri. Anasema udongo ulionekana mkavu, akaona aongeze. Anasikitika sana.”

Nililisikia kila neno. Nikamtazama. Alikuwa anaangalia mikono yake.

“Sivyo,” nikasema kwa Kiswidi. “Sivyo nilivyosema. Kofia. Yeye, kofia.” Nikamwonyesha kidole mkuu wa njia, na mkono ulipoachia, gongo likaanguka.

“Kofia gani?” yule bwana akauliza.

Mkuu wa njia akaivua, akaigeuza, akaitazama ndani kama anatafuta chawa. “Hii?” Watu wakatabasamu. Yule bwana naye.

“Dawa za maumivu,” Mtanzania akamwambia taratibu. “Zinamchanganya.”

Mama wa kijana aliinuka akatoka kabla kikao hakijaisha. Nilipigania kuinuka nimfuate, lakini gongo lilikuwa chini na hakuna aliyeliokota.

Fainali tulishinda. Nilisikia honi za magari kutoka kwenye kochi langu. Mtanzania alipigwa picha, sare ya mafundi, amekumbatia pikipiki ambayo hata haikutumika. Jumapili ile walimpigia makofi kanisani. Jumatatu akaja kwetu na skafu ya mabingwa.

“Nimekuletea,” akasema. “Na wewe ni wa timu.”

Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, akatoka nayo kwenye korido, tukasikia kifuniko cha bomba la kutupia taka kinafunguka na kufungwa. Akarudi akakaa.

“Shemeji,” Mtanzania akasema, “umenidharau.”

“Bado,” mke wangu akasema. “Kunywa chai kwanza.”

Nikamuuliza alitafsiri nini siku ile. Hakukataa. Alisema alitafsiri kitakachonisaidia. Kwamba ningesema niliagizwa, wangeniuliza kwa nini sikuripoti mwanzo, na mimi ndiye ningeonekana mshiriki.

“Nchi hii mjinga wanamhurumia,” akasema. “Nilikufanya mjinga kwa faida yako.”

“Na picha?”

“Picha imefuata, bwana. Mimi nimetafuta picha? Watu walinipenda tu.”

“Twende kwa yule mama,” nikasema. “Wewe na mimi. Mwambie ulivyoona. Sitakudai kitu kingine maisha yangu yote, hata salamu.”

Akasema sawa. Akasema Jumamosi, tukutane stesheni. Jumamosi nilimsubiri mpaka nikaona aibu ya kusubiri. Simu yake ilikuwa inaita.

Nikaenda peke yangu. Sweden anwani ya mtu haifichwi. Binti yangu aliitafuta kwenye simu akaipata mara moja, Upplands Väsby, akanijibu kwa Kiswidi kama anavyonijibu siku zote kwamba hilo ni wazo baya. Nikapanda treni na gongo langu moja, lile la pili nilikuwa nimeshaliacha.

Mama alifungua, akanitambua, akabaki ameshika mlango. Niliona anafikiri. Halafu akasogea. Nikavua viatu pale mlangoni, kama inavyotakiwa kwenye nyumba za huku, na kile cha mguu wa vyuma kilinitoa jasho, kwa sababu nyumbani ni mke wangu anayenivua na kunivisha.

Kijana alikuwa jikoni, kwenye kiti cha magurudumu, anakula mkate. Mdogo kuliko alivyoonekana na helmeti. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu kwenye treni, kwa Kiswidi, mafupi. Nikayasema yote. Kofia, mara tatu, Mtanzania alivyotikisa kichwa, alivyotafsiri uongo.

Kijana alimaliza kutafuna.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Kwamba kona ilipikwa. Niliona rangi ya udongo nilipokuwa nasubiri kuanza. Nikafikiri nitapita kabla haijanishika. Kwetu pia tunapika. Mama alikuwa anashika reki kwetu miaka mingi. Mama, si ndiyo?”

Mama yake alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

“Ulijua?” nikamuuliza. “Siku ile hospitali, ulijua?”

“Hakuna mtu wa maji anayemwaga kwa akili yake,” akasema. “Hilo kila mtu analijua.”

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nikasema basi semeni. Mwandikieni yule bwana, au msimwandikie, waambieni tu watu wa kule uwanjani kwamba si mimi. Kijana akatikisa kichwa. Timu yake imemwahidi atafundisha watoto wanaoanza, akasema, na mtu anayewasema wenzake hapewi watoto. Wote wanapika. Akisema hili itabidi aseme na la kwao.

“Kwa hiyo nibaki nalo mimi,” nikasema.

“Wewe si mtu wa mchezo huu,” mama akasema. Alisema bila ubaya, kama anaeleza njia ya kwenda stesheni. “Sisi tunabaki humu. Wewe ulikuja kumwaga maji. Hukuupenda hata.”

“Niliupenda,” nikasema.

Nikamwambia mama aseme hapo hapo, mara moja, sisi watatu tu, hakuna anayesikia: si wewe. Maneno mawili, hata kwa Kiswidi ni mawili. Alimwangalia mwanawe. Mwanawe akaangalia mkate.

“Nadhani uende sasa,” mama akasema.

Nikaenda mlangoni. Kiatu cha mguu mzima nilikivaa. Kile kingine nilijaribu nikiwa nimeegemea ukuta, nikajaribu nikiwa nimekaa juu ya kibao cha viatu vyao, mguu haukunjiki, na mama amesimama ameshika kitasa anasubiri. Mwanawe alisogeza kiti mpaka mwanzo wa korido, naye akawa anatazama. Kwa hiyo nikakichukua kiatu mkononi nikatoka nacho. Mlango ukafungwa kabla sijafika kwenye ngazi. Nikakaa kwenye ngazi ya kwanza, sakafu ya saruji, baridi inapita kwenye soksi, nikakihangaikia mpaka kikaingia.